Tairi Huliwa Upande Tusioutazama



Mafundi wetu wana usemi ambao karibu kila mwenye gari ameusikia: "Gari lako linakula tairi." Usemi huo hutamkwa kwa wepesi, na mwenye gari huupokea kwa wepesi vilevile. Hununua tairi jingine, mara nyingi la mtumba, akalifunga mahali pa lile lililokwisha, na safari ikaendelea. Baada ya miezi michache tairi hilo nalo huliwa upande ule ule. Hapo lawama huanza: tairi lilikuwa bovu, barabara ni mbaya, dereva hajui kuendesha. Katika tafakari ya juma hili napenda kusema wazi kwamba kubadilisha tairi bila kutafuta kilichokuwa kikilila ni kupoteza fedha, na, lililo zito zaidi, ni kuhatarisha maisha ya watu tunaowabeba.

Tulitazame kwanza jambo lenyewe. Magurudumu ya gari hufungwa kwa pembe maalumu zilizopangwa na mtengenezaji. Pembe mbili ndizo zinazogusa zaidi uhai wa tairi. Ya kwanza ni ya uelekeo. Magurudumu mawili ya mbele, ukiyatazama kutoka juu, yanapaswa kuwa karibu sambamba. Yakikaribiana mno kwa mbele, mfano wa mtu anayetembea vidole vikielekea ndani, tairi huliwa ukingo wa nje. Yakiachana mno kwa mbele, huliwa ukingo wa ndani. Pembe ya pili ni ya mlalo. Gurudumu ambalo sehemu yake ya juu imeinamia mno ndani ya gari huliwa upande wa ndani, na lililoinamia nje huliwa upande wa nje. Kazi ya kuzirudisha pembe hizo mahali pake ndiyo mafundi wanayoiita alaimenti.

Wapo wanaodhani kwamba kosa dogo la pembe halina madhara. Hebu tufanye hesabu. Gurudumu likikengeuka kwa robo ya digrii moja tu kutoka njia ya gari, tairi huburutwa kwa ubavu zaidi ya mita 4 katika kila kilomita 1. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, mwendo wa kilomita zipatazo 190, tairi hilo litakuwa limeburutwa juu ya lami zaidi ya mita 800. Dereva hakuhisi chochote, na abiria hawakuhisi chochote, lakini mpira umesagika njia nzima kama kifutio juu ya karatasi.

Kwa sababu hiyo, tairi lililokwisha lisitupwe kabla halijasomwa. Likiwa limeliwa katikati, upepo ulizidi. Likiwa limeliwa kingo zote mbili, upepo ulipungua. Likiwa limeliwa ukingo mmoja, pembe zitiliwe shaka. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi. Ukihisi njia moja ni laini na nyingine inakwaruza kama meno ya msumeno, basi uelekeo umeharibika. Mabonde mabonde yaliyotawanyika huashiria kwamba shokapu zimechoka, au kwamba magurudumu hayana balansi. Na tusichanganye mambo haya mawili: balansi ni mgawanyo wa uzito wa gurudumu, na kasoro yake hutetemesha usukani katika mwendo mkubwa, alaimenti ni pembe, na kasoro yake yaweza kukaa kimya hadi tairi liishe.

Matengenezo nayo yana utaratibu wake. Kwanza, upepo upimwe, kisha bushi, tairodi, boljointi na beringi zikaguliwe. Anayepanga pembe juu ya viungo vilivyolegea amejenga juu ya mchanga, kwa maana shimo la kwanza barabarani litazivuruga tena. Pili, kwa magari yanayoruhusu, magurudumu ya nyuma hurekebishwa kabla ya yale ya mbele, na uelekeo wa mbele hupangwa mwisho, usukani ukiwa umefungwa katikati. Tatu, mahali penye mashine, mteja adai karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada. Tena yapo magari mengi ambayo mlalo wake wa mbele hauna mahali pa kurekebishia. Ukikutwa umepotoka, mara nyingi kuna chuma kilichopinda, nacho kibadilishwe. Kukichoma moto na kukinyoosha kwa nyundo ni kuidhoofisha sehemu inayoshikilia uhai wa watu.

Nitaambiwa kwamba hayo ni mambo ya wenye uwezo. Sikubali. Kwa kawaida gharama ya alaimenti ni ndogo kuliko bei ya tairi moja jipya, na pasipo mashine, fundi mwangalifu aweza kuupima uelekeo kwa kamba iliyovutwa kandokando ya magurudumu. Wengine husema watayahamisha matairi, ya mbele yaende nyuma. Kuyahamisha kila kilomita 8,000 hadi 10,000 ni desturi njema pale gari linapokuwa sawa. Likiwa limepotoka, kufanya hivyo ni kuyapeleka matairi manne kwa zamu katika kinywa kile kile.

Lakini linalonisumbua zaidi ni ule ukingo wa ndani. Abiria hauoni, wala haonekani kwa urahisi kwa mtu anayelizunguka gari lililosimama. Hata Uingereza, kipimo cha kisheria cha kina cha milimita 1.6 kinahusu robo 3 za katikati za upana wa tairi, ingawa nyuzi zikijitokeza popote tairi halikubaliki. Tairi laweza basi kuonesha nje uso mzima wenye mifereji mirefu, ilhali ndani limebaki nyuzi tupu. Siku ya jua kali, gari likiwa limejaa na liko mwendo kasi, hupasuka. Ndipo tunaposema, "Ni ajali tu."

Mwenye basi la shule amekabidhiwa watoto wa watu. Mwenye daladala amekabidhiwa wazazi wao. Si haki amkate dereva mshahara kwa tairi lililoliwa na bushi ambayo yeye mwenyewe alikataa kuinunua. Si haki pia dereva anayehisi gari linavuta upande mmoja anyamaze kwa kuogopa kupoteza kazi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika jambo hili, wapo ambao ukuta huwaangukia kabla haujajengwa.

Juma hili, kabla ya safari, lizime gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, na usukani uwe umezungushwa hadi mwisho upande mmoja. Inama, utazame ukingo wa ndani wa kila tairi la mbele, uupapase kwa mkono. Kisha geuza upande wa pili ufanye vivyo hivyo. Ni kazi ya dakika chache, nayo haihitaji fundi.

Nawatakieni safari njema.