Pikipiki ya kwanza ya nyumba, na jina lililo kwenye fakitire



Siku ya posho iliyopita, kisha mkutano wa kikundi, mama mmoja alitungojea mlangoni. Zamu yake ya likelemba inafika mwezi ujao, feza yote ataipokea mara moja, na amekwisha kukata shauri: atanunua pikipiki. Alitaka tu tumwambie aina gani. Tulimjibu kwamba tutaandika hapa, kwa sababu swali hili si lake peke yake. Katika Kindu yetu, ambapo magari ni machache na matope ya mvua yanameza hata malori, nyumba ikipata feza kidogo inafikiri pikipiki kwanza. Sisi pia tulifikiri hivyo, tukanunua, na tulikosea mambo mawili makubwa. Tutayaeleza yote mawili bila kuficha.

Lakini tuanze na hesabu, maana sisi walimu hatuwezi kuiacha. Kabla ya kununua tulikuwa tunalipa motari 2 000 FC kwenda masomo na 2 000 FC kurudi. Kwa siku 25 za kazi, hiyo ni 100 000 FC kwa mwezi. Tulipokuwa na pikipiki yetu, njia ile ile ni kilometa 12 kwa siku, kilometa 300 kwa mwezi. Pikipiki ndogo ikiwa katika hali nzuri inakunywa karibu lita 2 kwa kilometa 100, basi lita 6. Sisi tulikuwa tunanunua lita kwa 4 000 FC: jumla 24 000. Ongeza mafuta ya motere, kuziba mipira, fundi wa hapa na pale, tuseme 16 000. Kwa hiyo tulibakiza 60 000 FC kila mwezi wa masomo.

Sasa mtazame upande mwingine. Mashine yenyewe, makaratasi yake na kaske mbili vilitukulia karibu 3 000 000 FC. Mkigawanya kwa 60 000 mnapata miezi 50. Mwaka wa masomo una miezi kumi. Kwa nauli peke yake, tungerudisha feza yetu kisha miaka mitano ya masomo, na pikipiki ya barabara zetu, kisha miaka mitano, kama ingali inatembea, tumshukuru Mungu na fundi.

Hatusemi hivyo ili kuwavunja moyo. Tunasema kwamba kama safari yako ni moja tu na ni fupi, endelea kumlipa motari, na feza ya likelemba uitie kwenye biashara au kwenye mabati ya nyumba. Kwetu sisi kilichobadilisha hesabu ni shamba. Tunalima mchele ng'ambo ya Lualaba, kupita Alunguli, na zamani kila gunia lililofika nyumbani lilikuwa limekwisha kulipa mtu wa kinga, mtu wa mtumbwi na motari. Kiisha kuna ile usiku ambayo mtoto alipandisha homa saa nane na hapakuwa na motari hata mmoja barabarani. Usiku ule hatukuuandika katika daftari la hesabu. Kila mama atafute sababu zake mbili au tatu. Kama hana zaidi ya moja, angoje kwanza.

Sasa aina. Wauzaji watawaonyesha TVS na Bajaj zinazotoka India, Haojue na Senke zinazotoka China, na nyingine ambazo majina yanabadilika kila mwaka lakini motere ni ile ile. Motere nyingi za China zimeiga ile ya Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, na iliyotengenezwa kwa ajili ya inchi ambapo watu hawafanyi matengenezo kila mara. Hilo si jambo baya, maana fundi wetu anaijua ndani na nje. Ushauri wetu ni huu: kabla ya kwenda dukani, nendeni kwa mafundi watatu ambao hawauzi pikipiki. Msiwaulize ipi ni nzuri. Waulizeni: kamba ya ambreaji ikikatika leo, ya aina gani tutaipata sokoni leo hii, na kwa bei gani? Aina ambayo wote watatu wataitaja ndiyo yenu, hata kama rangi yake haipendezi.

Ukubwa wa 100 au 125 unatosha kabisa kwa mama, mtoto na gunia. Ile ya 150 ina nguvu, ni kweli, lakini inakunywa zaidi na ni nzito zaidi, na siku itakapokulalia katika matope utajua maana ya kilo zile. Ukae juu yake dukani, nyayo zote mbili zifike chini. Wauzaji wengine wanacheka mama akifanya hivyo. Wacheke. Uhakikishe tena kwamba mbali na ile ya kubonyeza kwa kidole kuna kiki ya mguu, kwa sababu batri ndiyo kitu cha kwanza kufa.

Tufike kwenye kosa letu la kwanza. Siku ya kununua, baba wa nyumba yetu alikuwa safarini, na sisi tulikuwa na mitihani ya wanafunzi. Feza ilikuwa imetoka kwenye kikundi chetu, yote, hata franka moja haikutoka fasi nyingine. Tulimwomba shemeji aende dukani, maana ni mwanaume, anajua kubishana bei, na mzigo ule wa feza ulitutia woga. Alienda, alipunguza bei vizuri, alirudi na pikipiki inayong'aa. Tulipika kuku. Fakitire tuliikunja bila kuisoma, tukaiweka ndani ya Biblia.

Imeandikwa jina lake. Hakuwa na mpango mbaya siku ile. Muuzaji alimwuliza jina, akasema jina. Kiisha kartirozi ilifuata fakitire, na plaki ilifuata kartirozi. Mwaka mmoja nyuma, shemeji aliingia katika deni. Mdai wake alisikia kwamba ana pikipiki yenye makaratasi mazuri, na siku moja asubuhi watu wawili walifika kwetu kuichukua, wakati sisi tulikuwa tunafunga vitabu vya kwenda masomo. Watoto walikuwa wanatazama. Tungeweza kuonyesha nini? Daftari la likelemba linaonyesha kwamba tulipokea feza, lakini halionyeshi tuliinunulia nini. Jamaa yote ilikaa majuma matatu. Mwisho shemeji, kwa haya na kwa machozi pia, alitia sahihi barua ya mauzo mbele ya shefu wa kartiye na mashahidi, kana kwamba ametuuzia kitu chetu wenyewe. Sehemu ya deni tuliilipa sisi ili watu wale waondoke. Na tulilipa tena gharama ya kubadilisha makaratasi. Feza ile ilikuwa ya masomo ya watoto, muhula wa pili.

Wamama wengi wanadhani kwamba mwanamke aliyeolewa hawezi kuandikwa kwenye fakitire bila baraka ya bwana. Fikira hii ina mizizi. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, katika kifungu cha 448, ilitaka mke apate ruhusa ya mume wake kwa kila tendo la kisheria linalomfunga. Lakini sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadilisha kifungu hicho: sasa bwana na bibi wanapaswa kusikilizana, mmoja kama mwingine. Kusikilizana si kuomba ruhusa. Basi zungumzeni nyumbani kabla, wazi, pikipiki ni ya nani na itaandikwa jina gani. Mkikubali iwe jina la baba, sawa, ni mapatano yenu. Lakini isiwe jina la mtu kwa sababu tu ndiye alikuwa amesimama dukani.

Na jina peke yake halitoshi. Kila pikipiki ina namba ya shasi, iliyochongwa kwenye chuma karibu na usukani, na namba ya motere, iliyochongwa ubavuni mwa motere. Namba hizo mbili ziandikwe kwenye fakitire, na ninyi wenyewe mzisome herufi kwa herufi kabla ya kulipa. Tumeona mama aliyeambiwa na polisi kwamba pikipiki yake si yake kwa sababu 8 ilikuwa imeandikwa kama 3. Kwa pikipiki iliyotumika ni zaidi: muuzaji alete kartirozi yenye jina lake mwenyewe, na mauzo yaandikwe mbele ya mashahidi wa pande mbili. Akisema kartirozi iko kwa ndugu yake, mrudi nyumbani na feza yenu. Asiransi nayo ni lazima, na permi ya aina A kwa kila mtu atakayeiendesha. Mama asiyejua kuendesha ajifunze kwanza. Pikipiki yenye mwenyewe asiyejua kuiendesha ina madereva wengi sana.

Hapo ndipo kosa letu la pili lilipozaliwa. Tulikuwa hatujazoea, tuliogopa barabara, na kijana mmoja wa jamaa alituomba aifanyie kazi ya taksi saa za mchana, akituletea versema kila jioni. Feza ya kila jioni ni tamu. Lakini pikipiki mpya inahitaji muda wa kuzoea mwendo, rodaje, kilometa 1 000 za kwanza: isibebe mizigo mizito, isikimbizwe, na mafuta ya motere ya kwanza yamwagwe karibu na kilometa 500, kwa sababu vyuma vipya vinasuguana na unga wao unabaki ndani ya mafuta. Kijana wetu alibeba watu watatu na magunia juu, na mafuta hakuyamwaga hata mara moja, kwa sababu feza ya mafuta ingepunguza versema. Katika mwezi wa nne moshi wa bluu ulianza kutoka nyuma. Moshi wa bluu maana yake mafuta ya motere yanaungua pamoja na esansi. Fundi alifungua, akatuonyesha segma zimekwisha. Versema ya miezi mitatu yote iliingia katika matengenezo hayo, na bado tuliongeza. Hatumlaumu sana kijana. Tulimpa kazi ambayo faida yake ilikuwa kuharibu mashine yetu.

Mambo madogo tunayapitia haraka. Esansi ya Kadhafi wa kando ya barabara, uitazame katika chupa juu ya mwanga wa jua kabla ya kumimina: maji ni mazito kuliko esansi, yanakaa chini. Mnyororo ukazwe lakini usikazwe kama kamba ya mbuzi. Uwe na mchezo wa karibu vidole viwili, na utiwe mafuta kila juma la mvua. Pikipiki mpya inafika katika sanduku na inafungwa hapa hapa na vijana wa duka, basi kisha juma moja mrudishe kwa fundi akaze tena parafujo zote. Ya kwetu ilikuwa imekwisha kupoteza mbili.

Kikwembe ni jambo kubwa kuliko wanavyodhani wababa. Kikishuka kidogo tu kinaingia katika mnyororo au katika mipira, na mama anavutwa chini. Tunavaa suruali chini ya kikwembe, tunakikunja juu ya magoti, na hatukai ubavu. Mtoto apande kwa upande wa kushoto, kila siku, mpaka iwe desturi, kwa sababu bomba la moshi liko kuume na linaunguza mguu. Na kaske ya mtoto iwe ya mtoto. Ile ya baba ikizunguka kichwani mwake kama sufuria haimsaidii kitu.

Wale wanaovuka Lualaba kama sisi: kabla ya kuitia pikipiki ndani ya mtumbwi, fungeni robine ya esansi chini ya tanki. Mtumbwi unalala upande, esansi inamwagika kwenye karbirateri, na kuna kila mara mtu anayevuta sigara. Muilipie fasi yake bila kubishana sana, na msiikalie juu mkiwa majini. Ikianguka, mkiwa juu yake mnaanguka nayo.

Huyo mama wa likelemba amesoma maandiko haya kabla yenu, na amezungumza na bwana wake. Wamesikilizana: jina litakuwa lake. Feza ikitoka, siku ya posho inayofuata tutaenda naye dukani, wamama watatu. Ametuomba tubebe tochi, maana ndani ya maduka yale ni giza na namba ya shasi haisomeki vizuri.