Foleni ya figo: Nani anaamua nani aingie?

Ukisikia foleni ya kupandikizwa figo, picha inayokuja ni daktari na vipimo. Kumbe anayeamua anaweza kuwa namba moja tu iliyochomekwa kwenye hesabu, na mgonjwa hana habari.

Ndicho kilichotokea Marekani. Januari 2023, hospitali zinazopandikiza figo nchini humo ziliagizwa kupitia upya mafaili ya wagonjwa weusi walio kwenye orodha ya kusubiri na kuwarudishia muda waliopoteza. Zaidi ya wagonjwa 14,000 wamerekebishiwa.

Walipotezaje muda?

Ili kujua figo zimebaki na nguvu kiasi gani, maabara hupima kwenye damu taka inayoitwa kreatinini. Majibu yanaingizwa kwenye fomula pamoja na umri na jinsia. Mtu mzima akifika 20 au chini yake, siku zake za kusubiri zinaanza kuhesabiwa hata kama hajaanza kusafishwa damu.

Fomula ya mwaka 1999 na ile ya 2009 ziliongeza kitu kingine: rangi. Kwa fomula ya 2009, ukiwa mweusi jibu lako linazidishwa mara 1.159. Hoja ilikuwa kwamba watu weusi wana misuli mingi, hivyo kreatinini yao iko juu kwa kawaida.

Piga hesabu. Anayestahili 18 anasomeka karibu 21. Mweupe mwenye majibu yaleyale anaingia foleni leo, mweusi anaambiwa bado. Na kwenye foleni hiyo siku ni mtaji, kwa sababu aliyesubiri zaidi anasogea mbele.

Kutoka kamati hadi fomula

Marekani ilishawahi kujaribu njia nyingine. Mwaka 1962 mjini Seattle, mashine za kusafisha damu zilikuwa chache mno, ikaundwa kamati ya raia saba kuchagua nani atibiwe. Waliangalia kazi ya mtu, ndoa, watoto, kipato, hata kama anaenda kanisani. Habari ilipotoka, watu wengi walishtuka. Mwaka 1972 Bunge likapitisha sheria ya serikali kugharamia matibabu hayo.

Namba zilionekana safi kuliko kamati, maana hazina ndugu wala chuki. Lakini kamati ile watu waliiona, wakaipinga. Fomula ilikaa miaka zaidi ya 20 kabla ya kupigwa marufuku kwenye upandikizaji mwaka 2022, ingawa hakuna aliyekaa kikao kusema weusi wakae nyuma.

Huku kwetu je?

Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, na figo hutoka kwa ndugu aliye hai. Hapo mchujo uko kwingine: una ndugu ambaye figo yake inakufaa na yuko tayari? Mna pesa ya upasuaji? Mtamudu dawa za kuzuia mwili usikatae figo mpya, ambazo hunywewa maisha yote?

Kanuni za Shirika la Afya Duniani (WHO) za mwaka 2010 zinasema ugawaji wa viungo ufuate vigezo vya kitabibu na maadili, si pesa. Lakini anayekosa nauli ya kufika kliniki hata haonekani kwenye hesabu ya waliokosa.

Kila kigezo kitamwacha mtu nje, maana figo hazitoshi. Haki inaanzia pale kigezo kinapokuwa wazi, mgonjwa anaweza kukihoji, na kikigundulika kina kasoro, waliodhulumiwa wanarudishiwa chao. Marekani imewarudishia muda wagonjwa waliopo. Waliofariki wakiambiwa bado, hakuna cha kuwarudishia.