Baada ya Dripu ya Mwisho

Julai 2023 nilikwenda kisiwani Mafia kukagua wanafunzi wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Mwalimu wa sayansi aliyenipokea Kilindoni alinieleza habari za mama yake mzazi. Mama huyo alikwisha kufanyiwa upasuaji wa kansa ya titi, akapewa na dripu zote za dawa huko bara. Nywele zilikuwa zimeanza kuota tena, na nyumbani ilikwisha kusomwa dua ya shukrani. Miezi minne ilikuwa imepita. Mwanawe alipomwuliza tarehe ya kurudi hospitali, alijibu, "Mwanangu, dawa si nimemaliza?"

Jibu hilo halikuwa la ujinga. Ni sisi walimu tuliomfundisha mwananchi kwamba anayemaliza dozi ya malaria au ya kichocho amepona. Kansa ya titi haifuati kanuni hiyo. Dawa ya dripu husafiri na damu na kuziua chembe zinazogawanyika kwa haraka popote zilipo, na ndiyo sababu nywele nazo hunyonyoka. Hata hivyo, chembe chache za kansa zaweza kusalia kifuani au kwapani, na nyingine zikakaa kimya mahali pengine mwilini kwa miaka. Hatua zinazofuata zimekusudiwa hizo zilizosalia. Kwa wagonjwa wengi wa kwetu, ambao hufika hospitali uvimbe ukiwa umekwisha kuwa mkubwa, dripu hutangulia ili kuupunguza, ndipo upasuaji ufuate. Kwa wengine upasuaji huwa wa kwanza. Vyovyote iwavyo, baada ya mambo hayo mawili kazi bado ipo.

Tuanze na mionzi. Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, tiba hii ilianza kutolewa mwaka 1980. Si kila mgonjwa wa titi anayeihitaji, ila anayeihitaji huianza wiki chache baada ya dripu, chembe za damu zikiisha kurudi katika kiasi chake. Mionzi hujeruhi chembe zote inazozipitia, nzima na mbovu. Chembe nzima hujitengeneza vizuri zaidi kati ya siku moja na nyingine, na kwa hiyo dozi hugawanywa. Utaratibu wa zamani ulikuwa grei 2 kwa siku, kwa siku 25, yaani jumla ya grei 50 katika wiki tano. Majaribio yaliyofanywa Uingereza, ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2008, yalionyesha kwamba grei 40 katika siku 15 hazipungukiwi kitu. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya jaribio jingine la huko huko, lililohusisha wanawake wapatao 4,000 wenye kansa ya hatua za mwanzo: grei 26 kwa siku tano tu. Mwanafunzi wa fizikia na ajiulize kwa nini jumla inapungua kadiri siku zinavyopungua. Kipande kikubwa cha dozi huishinda chembe uwezo wake wa kujitengeneza, hivyo kila grei ndani yake hufanya kazi kubwa zaidi.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam tofauti ya wiki tano na wiki tatu ni nauli ya daladala. Kwa mama wa Mafia ni jambo jingine kabisa. Lazima avuke bahari hadi Nyamisati, katika delta ya Rufiji, kisha ashike njia ya barabara. Na kusi ikivuma, safari hiyo haiwi ya kumpeleka mgonjwa kwa furaha. Hawezi kwenda na kurudi kila siku. Anahitaji mahali pa kulala, chakula, na mtu wa kumsindikiza, ambaye naye ameacha shamba au watoto. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada yangu ya tatu, maabara yetu ilikuwa hatua chache tu kutoka chumba cha mionzi. Katika miaka yote ile haikunipitia akilini kwamba umbali ni sehemu ya dozi. Sasa naamini hivyo. Pale ambapo daktari anaona siku 15 zinafaa sawa na 25, makazi ya mgonjwa yastahili kuhesabiwa katika uamuzi wake kama vile anavyohesabu umri na damu. Siku tano ni habari njema zaidi, ila tusizishangilie mapema kwa mgonjwa ambaye kansa imekwisha kufika katika tezi nyingi za kwapani. Yeye hakuwa ndiye aliyekusudiwa na jaribio hilo.

Hatua ya vidonge ndiyo inayonitia uchungu zaidi, kwa kuwa bahari haina sababu ya kuizuia. Baadhi ya chembe za kansa ya titi zina vipokezi vya homoni ya estrojeni. Homoni huingia katika kipokezi kama ufunguo katika kitasa, na chembe huchochewa kukua. Tamoksifeni ni ufunguo unaoingia usiweze kuzunguka, ukakiziba kitasa. Ilitengenezwa mwaka 1962 katika maabara ya kampuni ya ICI, Uingereza, watu wakitafuta dawa ya kuzuia mimba. Kwa kazi hiyo ilishindwa, na mwaka 1973 ikakubaliwa huko kutibu kansa ya titi. Kwa wanawake wenye vipokezi hivyo, kuimeza kwa miaka mitano hupunguza vifo vya ugonjwa huu kwa karibu theluthi moja katika miaka 15. Asiye na vipokezi haimsaidii. Wako wanaopewa dawa nyingine, kama wale ambao chembe zao zina wingi wa protini ya HER2, wanaodungwa trastuzumabu kwa mwaka mmoja. Tamoksifeni ina maudhi yake pia: joto la ghafla mwilini, na mara chache damu kuganda katika mishipa au kansa ya mji wa mimba, kwa hiyo huhitaji kuangaliwa na mganga. Lakini kidonge ni kimoja kwa siku, na dozi ya miezi sita hujaa kiganjani. Dawa ya namna hii yafaa ipatikane katika hospitali ya wilaya pale Kilindoni.

Madaktari watasema wagonjwa huelezwa. Sina shaka huelezwa, lakini siku ile wanatapika na kuwaza nauli. Mwenyeji wangu alinionyesha karatasi ya mama yake: mistari miwili ya vifupisho vya Kiingereza. Mimi mwanakemia nilivisoma. Vipokezi vilikuwapo. Mionzi ilikuwa imeagizwa, na vidonge vilitolewa vya mwezi mmoja. Kwa nini mistari hiyo isiandikwe kwa Kiswahili, pamoja na jina la hatua inayofuata, tarehe yake na muda wake? Mtoto wa kidato cha pili angeweza kumsomea bibi yake.

Jioni ile mwalimu alichukua chaki akapiga hesabu ubaoni mbele ya wanafunzi wake waliobaki kwa masomo ya ziada, bila kuwaambia ni ya nani. Siku 365 mara miaka mitano ni vidonge 1,825. Vilivyokwisha kumezwa ni 30. Kisha akafuta ubao, akaenda bandarini kuulizia chombo cha asubuhi.