Dar es Salaam Hadi Mtendeni: Mwendo wa Saa Ngapi?

Usiku mmoja jirani yangu wa Mbagala, fundi wa kiwandani, alinibishia hodi. Amepigiwa simu kutoka kwao Mtendeni, Tabora: mama hajiwezi. Swali lake lilikuwa fupi. Garimoshi au ndege?

Nikachukua karatasi. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, hupindapinda kufuata mabonde, na urefu wake kutoka Dar es Salaam ni karibu kilomita 840. Ndege haina kilima cha kuzunguka. Umbali wa angani baina ya viwanja hivyo viwili ni kama kilomita 730. Ndege ya pangaboi iendayo kilomita 600 kwa saa ingetumia saa moja na robo, lakini hakuna ndege ishikayo mwendo huo tangu magurudumu yaachapo ardhi. Kuna kupanda, kuna kugeuka, kuna kushuka polepole. Tukaandika saa moja na nusu.

"Kumbe ni karibu hivyo!" akasema, mkononi ameshika fedha za karo ya mwanawe.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea hesabu. Mbagala hadi uwanjani, kwa foleni zetu, saa moja na nusu nyingine. Kusubiri, saa mbili. Kungoja mizigo na kufika Mtendeni, nusu saa. Jumla saa tano na nusu. Garimoshi nalo lingemchukua usiku na mchana, tena lina siku zake. Mimi sikuthubutu kumwamulia. Karo si mchezo. Aliyeamua ni mkewe: "Karo itatafutwa. Mama hatafutwi."

Siku ya pili yake alitoka saa tatu asubuhi, na saa nane u nusu mchana alikuwa kizingitini kwa mama. Bibi akashtuka: mbona upesi hivyo? Babu yake yeye alikuwa mpagazi. Burton na Speke, walipotoka pwani mwaka 1857, walifika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, siku ya 134. Stanley, mwaka 1871, alitumia miezi mitatu. Na Wanyamwezi waliobeba farasila mbili za pembe begani, nani aliwapelekea habari za mgonjwa? Walirudi wakaonyeshwa kaburi.

Magharibi ile jirani yangu alimpigia mkewe simu. Mbagala adhana imekwisha, taa zimewashwa. Mtendeni jua lingali juu ya mabati. Saa zetu za ukutani ni moja nchi nzima, lakini Tabora iko magharibi kwa digrii sita na ushei, na kila digrii jua huivuka kwa dakika nne. Ndiyo maana huko huchwa nyuma yetu kwa dakika zipatazo 25.

"Mwambie mtoto," alisema, "bibi yake anakunywa uji."