Utulivu wa Jambiani Una Wenyewe

Matangazo ya fleti za kukodi Jambiani yana neno moja lisilokosekana: utulivu. Mgeni aliyechoshwa na muziki wa usiku wa Paje, au na msongamano wa Mji Mkongwe, huahidiwa chumba chenye jiko lake, mashuka yanayobadilishwa na mtu asiyeonekana, na kimya. Bei ya kimya hicho hutajwa kwa dola, tena kwa kila usiku. Sina ugomvi na mgeni anayelala Jambiani. Ugomvi wangu ni na biashara inayouza kisicho chake bila ya kumlipa mwenyewe.

Kimya hicho ni kazi ya watu. Ni kijiji ambamo watu wanajuana, ambamo wazee husuluhisha ugomvi kabla haujafika polisi, ambamo kina mama, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, hufuata maji ya bamvua kwenda kufunga mwani kwenye kamba. Vile vigingi ambavyo mgeni huvipiga picha akiwa barazani ni shamba la mtu. Shamba hilo linahitaji njia ya kupitia na uwanja wa kuanikia. Ukuta wa fleti ukiziba kichochoro cha kwendea pwani, mwanamke mwenye gunia la mwani mbichi kichwani ndiye anayezunguka. Hilo halimo katika tangazo.

Neno la pili ni "huduma". Tulitazame vyema, kwani huduma ya kwanza ni maji. Kisiwa cha Unguja hakina mto mkubwa wa kutegemea. Tunaishi kwa maji matamu yaliyojikusanya ndani ya mawe ya matumbawe, na karibu na pwani ukiyavuta kwa pupa, maji ya bahari huingia mahali pake. Mwaka 2001 mtafiti Stefan Gössling alichapisha utafiti wake kuhusu pwani ya mashariki ya Unguja: mtalii mmoja alitumia wastani wa lita 685 kwa siku. Mwenyeji wa pale anayechota kwa ndoo hata hahitaji kuambiwa yeye anatumia ngapi. Fleti moja ikichimba kisima chake na kufunga pampu, inavuta katika hazina ile ile inayotegemewa na kijiji kizima. Je, mwenye fleti anamlipa nani?

Sheria, kwa upande wake, imekuwa na haraka ya ajabu kwa upande mmoja tu. Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 imelisema hilo waziwazi. Ikaja sheria ya majengo ya umiliki wa pamoja ya mwaka 2010, na mlango ukafunguliwa kwa mgeni kununua sehemu ya jengo. Leo anayenunua katika mradi ulioidhinishwa kwa dola 100,000 au zaidi anaweza kupata kibali cha ukaazi, yeye na familia yake. Mwalimu anayepangiwa skuli ya Jambiani, anayelipwa kwa shilingi, anatafuta chumba katika soko hilo hilo.

Kusini Unguja si wageni wa majumba ya ghorofa. Pale Makunduchi, chini ya mpango ulioanzishwa na serikali ya Mzee Karume, zilijengwa fleti ili mwanakijiji ahamie. Mtu anaweza kuzikosoa (mimi mwenyewe naziona kama kambi, na sidhani kama wakaazi waliulizwa sana), lakini swali lililozijenga lilikuwa sahihi: nani ataishi humu? Fleti za leo zinajengwa kwa swali jingine: zitajaa usiku mangapi kwa mwaka?

Nitaambiwa zinaleta ajira. Zinaleta, ndiyo: mlinzi, mfagizi, mfuaji. Hoteli kubwa angalau ina lango linalojulikana, meneja wa kulalamikiwa na mkaguzi wa kazi anayejua pa kugonga. Fleti ya mtu anayeishi ng'ambo, inayoendeshwa kwa simu, mfagizi wake atadai haki yake kwa nani?

Juni 2024 Meya wa Barcelona, Jaume Collboni, alitangaza kwamba leseni za fleti za watalii mjini humo, 10,101 kwa jumla, hazitahuishwa, ili ifikapo Novemba 2028 ziwe zimekwisha. Sipendekezi tuige, Jambiani haina uchumi wa Barcelona. Nataka tuitazame ile tarakimu ya mwisho, ile moja. Wanazijua fleti zao hadi ya mwisho. Basi na sisi daftari la kila fleti inayokodishwa kwa usiku libandikwe katika ofisi ya sheha, pamoja na jina la mmiliki na kipimo cha maji ya kisima chake. Njia za kwendea pwani zichorwe katika ramani kabla ya kibali cha ujenzi kutolewa. Na wawakilishi wetu watueleze barazani, kabla ya bajeti ijayo: katika kila dola inayolipwa kwa usiku mmoja wa utulivu wa Jambiani, ni senti ngapi zinabaki Jambiani?