Tuongee Mama, Sehemu ya 9: Taarab ya ukumbini ina watu ndani

Leo tuweke chanjo na uji pembeni kidogo, tuongee muziki. Msijali, unesi wangu utatokea tu huko mwishoni.

Msimamo wangu ni huu: ukitaka taarab ya kweli, tafuta iliyorekodiwa ukumbini, watu wakiwepo. Ya studio ni nzuri, ila imenyooka mno kama kanga iliyotoka kupigwa pasi. Sisi wa Tanga tunalijua hili. Black Star na Lucky Star walitoa nyimbo kwenye santuri ndogo, upande mmoja dakika chache tu, kwisha. Sauti ya Shakila tunayo humo, na alhamdulillah tunayo, maana mwenyewe alifariki 2016. Lakini kinamama waliokuwa wakiinuka kumtunza hawamo. Hata Siti binti Saad, mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kuimbia mashine. Wapenzi wake walibaki Unguja.

Sasa msikilize Bi Kidude jukwaani, pale Ngome Kongwe kwenye Sauti za Busara. Sauti imekwaruza, umri unausikia kabisa. Studio wangemwambia arudie. Pale watu wanashangilia, naye anazidi!

Rekodi ya ukumbini mimi naipima hivi. Kwanza, maneno yasikike. Taarab ni maneno. Kinanda kikimfunika mwimbaji, hapo hakuna kitu. Pili, isikatwe. Fidla ipewe nafasi yake, kiitikio kirudiwe kadiri watunzaji wanavyokuja. Mstari ukirudi mara ya nne, mtu akainuka na noti yake huku anamtazama jirani, hapo ndipo fumbo linapofika kwa mwenyewe. Tatu, vigelegele viwe vya palepale, sio makofi ya kubandika.

Lawama yangu iko kwetu wenye simu. Tunaenda harusini Ngamiani au Makorora, tunarekodi sekunde thelathini za kuweka status, nusu yake ni sura zetu wenyewe. Simu ikijaa, tunafuta. Jamani! Rekodi hata wimbo mmoja, mzima. Kaa mbali na spika ili sauti isipasuke, nyamaza, kisha andika tarehe na nani anaimba, na uhifadhi sehemu mbili. Kigelegele cha bibi yako hakipo studio yoyote duniani. Siku akiondoka, utakitafuta.

Haya, unesi sasa. Rekodi hizi zinatulia halafu zinalipuka ghafla, kwa hiyo punguza sauti kabla hujabonyeza. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wasizidi desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, wakubwa 80. Huna kipimo? Ukilazimika kupaza sauti kwa mtu aliye umbali wa mkono, imezidi. Na kichanga msimkalishe karibu na spika za rusharoho, hata kama amelala. Kulala sio kwamba masikio yamezibwa.

Ukiisikiliza nyumbani, imba nayo. Mtoto anaanza kuijua sauti yako tangu akiwa tumboni, hajali kama unakosea.

Niambieni, nyumbani kwenu mna rekodi gani ya ukumbini ambayo hamkubali ifutwe?