Umepata? Sawa, Lakini Umepataje?

Mwenzenu nilipotea kidogo, si mnajua tena wiki za testi zilivyo. Unalala saa nane usiku, unaamka saa kumi na moja, chai ya kantini hata sukari yake huisikii. Leo nimepata nafasi (na hilo neno "nimepata" mlishike, ndilo lililonileta hapa), nikasema silali kabla sijatoa la moyoni.

Kisa ni hiki. Tumerudishiwa ripoti za fildi, na yangu imerudi nyekundu kama imechinjiwa kuku juu yake. Lekchara kazungushia neno lile lile, ukurasa baada ya ukurasa: "got". "I got experience." "The farmers got loss." "We got an accident on the way." Mwisho kaandika pembeni kwamba mtu wa mwaka wa tatu haiwezekani aishi kwa kitenzi kimoja. Aibu niliyoiona, wee acha tu.

Nikarudi bwenini, nikafungua kamusi kutafuta neno zito la kuziba pengo. Nikakutana na "acquire". Basi bwana, nikaiamrisha kompyuta: kila penye "got" weka "acquired". Mwenzangu wa chumba ndiye aliyeniokoa, maana aliisoma kabla sijaipeleka. Alicheka mpaka akashuka kitandani: "We acquired an accident on the way. After that we acquired lunch." Jamani! Yaani ajali nimeinunua kama kiwanja!

Tukaanza ubishi wa bwenini. Mmoja akasema tatizo ni Kiswahili, eti lugha maskini, kina "pata" moja tu wakati Wazungu wana vitenzi kumi. Hapo ndipo nilipokataa, na bado nakataa.

Kwanza tukubali kwamba "pata" yetu inabeba mizigo mingi. Nimepata kazi, nimepata ajali, dada kapata mtoto, babu kapata homa, duka limepata hasara, umepata kufika Bagamoyo? Mwingereza hapo kwenye ajali na mtoto anasema "had", kwenye hasara anasema "made", na kwenye Bagamoyo anauliza tu kama umewahi kufika. Kwa hiyo kosa letu la kwanza ni kudhani kila "pata" ni "get". Nyingine wala si kupata kitu, ni kupatwa.

Pale panapokuwa na kupata kwenyewe, Kiingereza kinakuuliza: umepataje? Ukitoka jasho ukalipwa au ukaheshimiwa, ni "earn". Ukishindana ukatwaa kombe, ni "win". (Na hapa tuelewane, Simba haiwezi "win" Yanga. Inam-"beat" Yanga, ina-"win" mechi. Kiswahili kinasema "shinda" kote kuwili, ndiyo maana tunateleza.) Ukiomba kibali ukafuata taratibu mpaka ukapewa, ni "obtain". Ukijifunza lugha au ujuzi pole pole, au ukinunua mali ya maana, ni "acquire". Kitu kikiongezeka juu ya ulichokuwa nacho, kama uzoefu, imani ya watu au kitambi, ni "gain". Ukiletewa mkononi, ni "receive". Ukifikia lengo, ni "achieve". Hiyo "get" yenyewe si tusi. Kwenye mazungumzo inakaa vizuri kabisa, ila kwenye ripoti inaonekana kama umekuja lekcha na kandambili.

Tena ukichimba asili ya maneno haya, unagundua Wazungu nao walianzia shambani na porini kama sisi. "Get" waliletewa na watu wa Skandinavia. "Obtain" na "acquire" yana asili ya Kilatini, ndiyo maana yananukia ofisi. "Gain" imepitia Kifaransa, na mizizi yake iko kwenye kuwinda na kutafuta chakula. "Win" zamani ilikuwa kupambana na kuhangaika. Na "earn", sikilizeni hii, ni ndugu wa neno la Kijerumani "Ernte", maana yake mavuno!

Sasa niambieni, Kiswahili kinasemaje? Mchumia juani hulia kivulini. Kuchuma! Kuchuma tunda mtini na kuchuma mali ni neno moja. Picha ni ile ile ya Waingereza, na wala hatukuwaazima. Bado tuna kuvuna, kupokea, kujipatia, kunyakua, kutwaa, kurithi, kuokota, kutunukiwa, na ile kali ya kuambulia, ya mtu aliyefika shughulini pilau limeisha akakuta ukoko. Hiyo moja Mwingereza ataizunguka kwa sentensi nzima! Umaskini uko wapi hapo? Tatizo ni uvivu wetu. Tunachukua "pata" ya mdomoni, tunaibandika kwenye karatasi kabla hatujajiuliza kitu kilitufikiaje.

Na hili si suala la maksi tu. Kitenzi kinasema nani alifanya kazi na nani alinyoosha mkono. Chukulia sisi wenyewe na matokeo. Ukiwa na A unasema "nimepata A". Ukiwa na C unasema "lekchara kanipa C". Hahaha, mnakataa? Tunajua sana kuchagua kitenzi pale kinapotulinda.

Chukulia na jambo kubwa zaidi. Sisi tunasema Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, basi. Kwa Kiingereza lazima uchague upande. Ukiandika "was granted", mwenye nchi anakuwa ni yule aliyetoa. Ukiandika "won", waliopigania wanaonekana. "Gained" na "achieved" yanakaa katikati. Siku ile ile, bendera ile ile, lakini historia mbili. Mwanafunzi anayeokota kitenzi chochote kinachompendeza sikio anaweza kuwafuta mababu zake kwa neno moja bila kujua.

Mimi limenigusa karibu zaidi. Juzi nilikuwa naandaa barua ya kuomba kazi, maana mwaka wa tatu ndio huu unaisha. Nikaanza: "I earned my education through hard work." Nikasimama. Ada ya sekondari yote ilitoka kwenye maandazi ya mama, anayeamka saa tisa usiku kukanda unga. Huku chuoni nakula bumu, ambalo ni mkopo, nalo sijalichuma, nimelipokea na nitalilipa. Sasa hapo nani ali-"earn"? Kusoma nimesoma, silikani jasho langu, lakini sentensi ile ilikuwa inamdhulumu mtu. Nikaifuta. Nikaandika kwamba mama yangu ndiye aliyeichuma ada, mimi nikachuma maksi. Kwa Kiingereza kitenzi kikawa "earned" mara mbili, na hakuna wa kunizungushia wino mwekundu hapo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mwepesi. Kabla hujaandika "get", na kabla hujakimbilia "acquire" kama nilivyofanya mimi, jiulize kwa Kiswahili: nilichuma, nilishinda, niliomba, nilipewa, au niliambulia? Ukipata jibu, kamusi itakupa neno. Ukianza na kamusi, utaishia ku-"acquire" lunch.

Jana nikampigia mama, akaniuliza kuhusu ile ripoti, "Vipi, umepata?" Nikamwambia, "Nimepata, mama." Akashukuru Mungu, akakata simu kuokoa vocha. Kwake lile neno moja lilitosha, na wala sikutaka kumrekebisha.

Ngoja niwahi maktaba kabla viti havijaisha. Mwenye kitenzi chake kilichomtia aibu naye aseme, tucheke wote. Tupo pamoja.